Muze-boda

Muze, 3 Machi 2024

Binti yangu Rahel,
Hatujambo, ila goti linamsumbua mama yako. Mvua ipo, ng'ombe wameshiba. Wewe na baridi ya Korea mnaelewana? Lugha yao imefika wapi? Na niambie, huko na hapa kwetu, wapi kuzuri zaidi?
Baba yako, Masunga

Busan, 17 Machi

Shikamoo baba,
Mpe mama pole nyingi. Mimi mzima, midomo tu imepasuka kwa baridi.
Wiki hii tunajifunza kulinganisha. Sisi tunasema "kuliko kondoo". Wao wanaanza na kondoo, halafu "boda" inagandia nyuma yake. Anayebeba "boda" ndiye aliyezidiwa. "Zaidi" ni "do", inakaa kabla ya sifa. Kwa hiyo: kondoo-boda ng'ombe do mkubwa! Jaribu na mama.
Mwanao Rahel

Muze, 2 Aprili

Rahel mwanangu,
Tu wazima, goti limepoa kidogo. Kaka yako Masanja anapita zizini akisema, "Baba-boda mimi do mrefu." Tumecheka sana. Lakini swali langu hukulijibu.
Baba yako

Busan, 30 Juni

Shikamoo baba,
Nisameheni kwa kimya. Mama anaendeleaje?
Nilifeli mtihani wa kuzungumza. Mwalimu aliuliza swali lako lile lile. Wenzangu wote walisema kwao ndiko kuzuri. Mimi nilinyamaza mpaka akaita mwingine. Sentensi niliijua, baba.
Nikifaulu, nina nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo hapa, miaka sita. Naitaka.
Mwanao

Muze, 14 Julai

Rahel,
Tuko salama, mama yako anatembea.
Nilipohama Meatu kuja huku na ng'ombe wangu, baba yangu hakuniuliza wapi kuzuri. Alinisindikiza hadi mtoni, akaniongezea mtamba mmoja, akageuka. Na mimi sikuulizi tena. Karudie mtihani. Usinionee huruma.
Baba yako

Busan, 9 Agosti

Shikamoo baba, shikamoo mama,
Nimefaulu. Mwalimu aliuliza tena, nikamwambia, "Muze-boda yogiga do joayo." Huku ni kuzuri kuliko Muze. Akanipa alama zote. Nikatoka nje, nikalia.
Rahel wenu

Muze, 24 Agosti

Binti yetu,
Hongera sana. Nimemsomea mama yako. Alipepeta mchele wote, kisha akaniagiza nikuulize: katika sentensi yako hiyo, "kwa sasa" inawekwa wapi?
Baba yako