Kwa Shangazi Hidaya, Anayepima Miale Lubumbashi

Kalemie, Kartie Kataki
Tarehe 10 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Hidaya,

Salamu nyingi zikufikie ukiwa mzima, na zikukute umekaa kivulini, si umesimama juani pamoja na malori yenu ya madini. Habari za kazi? Mgongo uliokusumbua wakati wa mvua umepona? Na baridi ya Lubumbashi ya miezi hii, unaishindaje? Sisi hapa wote tuko salama, tunamshukuru Mungu. Bibi anatembea vizuri na bado anabishana na wauza samaki mpaka wanamwachia kwa bei yake. Ziwa limekuwa na upepo wiki nzima, samaki ni wachache, lakini hatujalala njaa.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua siku hizi za WhatsApp. Unajua simu ya nyumbani ni ya Papa, na Papa hajui kuongea bila kuifungulia sauti yote, mpaka jirani anaitikia salamu. Ninayotaka kukuambia hayawezi kupita pale. Nilianza kwa Kifaransa, kwa kuwa shuleni barua tumejifunza hivyo, ikatoka kama ninamwomba prefe, mkuu wa shule, ruhusa ya kukosa masomo. Nikaichana. Mama Philomène anapanda treni kesho kutwa na magunia yake ya ndagala, dagaa wetu wa ziwa, treni ikikubali, naye atakupa hii mkononi. Ikinuka usinilaumu.

Kwanza habari njema: nimefaulu mtihani wa taifa, hisabati na fizikia. Papa alichinja kuku wawili, akajifanya ni kwa ajili ya wageni.

Ya pili njo kubwa. Chuo kikuu kule kwenu kimefungua mpango wa kusomesha sayansi ya nyuklia. Kila mkoa utoe vijana wawili, na mmoja wao awe msichana. Prof Prospère, mwalimu wetu wa fizikia, alipotangaza darasani, wasichana walicheka wakasukumana. Mimi sikuinua mkono. Unanijua, hata kuitika jina langu ni kazi. Nilingoja wote watoke, nikamfuata uani, nikamwambia nataka. Alinirudishia swali mara mbili kwa sababu hakunisikia.

Tulifanya mtihani, Shangazi, na nimechaguliwa. Aliyechaguliwa pamoja nami ni Damien, yule kijana wa Kirungu anayevaa koti hata wakati wa joto. Matokeo yalipobandikwa alisema mbele ya wote, "Kwako walitafuta sketi, hawakutafuta akili." Watu wakacheka. Nikuambie ukweli wangu wote: alama zake zilipita zangu, si kwa nyingi, lakini zilipita. Nililia, kisha nikaenda kumwambia Prof afute jina langu. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mvulana analeta ombi la namna hiyo. Miaka yote nafasi hizi zilikuwa za wavulana watupu, alisema, na hakuna aliyewauliza kama walichaguliwa kwa ajili ya suruali zao. Jina likabaki.

Na Damien mwenyewe alinifuata wiki iliyopita kuniuliza kama nitasafiri kweli. Anaogopa kwenda peke yake. Anasema, "Sasa mimi nitamuuliza nani exercice ya hesabu?"

Sasa nifike pale panapouma. Nimeomba Mungu anipe namna ya kukuambia, sijapata namna iliyo laini.

Hapa nyumbani, tangu mimi ni mdogo, jina lako linatumiwa kututisha. Msichana akisema anataka kazi ya mashine za miale, hata ya kupiga picha za mifupa hospitalini, anaambiwa, unataka kuwa kama Hidaya? Wanasema miale ya urani ilikukausha tumbo, njo maana hukuzaa. Wanayasema kwa huruma, na huruma hiyo naiona mbaya kuliko matusi. Sidhani umewahi kuyasikia, maana ukifika wanakuchinjia na kukuita injinia.

Ulipokuja kwenye matanga ya Babu yalizidi. Utakumbuka wamama walikuuliza habari za kazi, nawe ukawaeleza kanuni yenu: mwanamke akijua ana mimba anamjulisha mkuu wake, anahamishiwa biro, kazi za karatasi tu, mpaka ajifungue, kisha anarudi. Uliwaeleza vizuri kabisa. Kabla sahani hazijaoshwa maneno yalikuwa yamegeuka: Hidaya mwenyewe amekiri, hata wakubwa wake wanajua ile kazi haipatani na uzazi.

Kwa hiyo jina langu lilipotoka, Papa Mukubwa Maliki, kama kaka mkubwa wa Papa, aliita kikao. Tulikaa Ijumaa baada ya sala, kwenye baraza ya Bibi, wakubwa kwenye viti na mimi kwenye mkeka. Papa Mukubwa alisema hakatai elimu, nisome sheria, nisome ualimu, hata udaktari. Lakini kazi ile ni ya wanaume, na mfano tunao ndani ya nyumba. Kila mmoja akaitikia kwa kichwa. Papa yangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaona kwamba kikao kinakwisha na mimi sijaulizwa chochote.

Nikaomba neno. Papa Mukubwa akasema, "Fungua kinywa, mutoto. Hapa hatuko kwa muganga wa meno." Hata mimi nilicheka, na kicheko kile kikanisaidia. Nilisema kwanza kwamba miale ina madhara, asemaye haina anadanganya, na njo sababu inapimwa, na kila mfanyakazi anavaa kifuani kibeji cha kuhesabu ile iliyomfikia, mwanaume na mwanamke sawasawa. Halafu nikasema lile ambalo nililizungusha moyoni tangu matanga ya Babu:

"Kama wanawake hawazai kule, ile sheria ya mimba waliiandikia nani?"

Papa Mukubwa alitafuta leso yake mfukoni, akaikosa, akatafuta mfuko mwingine.

Aliyeongea ni Bibi. Hakupandisha sauti. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ni yako.

"Musimuseme tena mutoto wangu. Hidaya alirudishwa kwangu na bwana yake, eti hazai, na sanduku lake, kabla hajaona hata hiyo mashini inafananaje. Nyinyi wote mulikuwa hapa, muliona. Na yule bwana ameoa tena mara mbili. Nani amesikia mutoto akilia kwake?"

Mtu mmoja alikohoa. Papa Mukubwa akamkumbusha kwa adabu kwamba ndugu wa yule bwana bado ni wakwe, na boti inayokwenda Kigoma tunaimiliki pamoja nao. Bibi akasema anajua. Akasema njo sababu aliacha mashine ibebe lawama miaka yote hii, maana mashine haina ndugu wa kukasirika. Kisha akafunika uso kwa kitenge chake, na kikao kikaisha bila mtu kukifunga.

Shangazi, najua hiki ni kidonda chako, na mimi nimekigusa mbele ya watu bila ruhusa yako. Ningekuwa na nafasi ya kukuuliza kwanza ningekuuliza. Lakini sitasema najuta. Uongo ule ulikuwa umefunga mlango kwa wasichana wote wa ukoo huu, na wewe ulikuwa umewekwa pale kama kufuli, bila kujua.

Jioni ile Papa aliniita. Nilidhani atanigombeza. Alisema, "Sina uso wa kumupigia dada yangu. Kinywa hiki pia kilimusema." Akaniagiza nikuandikie mwenyewe, nisifiche kitu. Ukikubali kunipokea, nitakwenda. Ukikataa hatakulaumu, ila hataniacha nikae mjini kwa watu asiowajua. Papa Mukubwa amekubali hivyo pia, kwa shingo upande, lakini amekubali.

Basi, Shangazi, naomba unipokee. Masomo yanaanza Oktoba, na jina la asiyefika litafutwa. Sikuombi usamehe kwanza ndipo unifungulie. Kusamehe kuna siku zake, na walio na deni lako ni wakubwa wangu, watakuja wenyewe. Mimi naomba mahali pa kulala na meza. Kupika najua, kufua najua, na unajua sipigi kelele.

Ninajua pia ninakokwenda. Ulituambia ovaroli ya kwanza waliyokupa ilikuwa ya mwanaume mnene, ukawa unakunja mikono na miguu, na kwamba kulikuwa hakuna choo cha wanawake mpaka ulipokataa kupanda lori. Siku ile nilicheka pamoja na wengine. Sasa nadhani vitu vile havikukosekana kwa bahati mbaya. Hakuna aliyewaza kwamba mmoja wetu atafika. Wewe ulifika. Mimi nikifika tutakuwa wawili, na tayari wasichana wa mwaka wa tano wamekuja nyumbani kuniuliza mtihani ule unauliza nini. Naogopa, sitakuficha. Naogopa kusimama mbele ya ukumbi na kujibu kwa sauti. Lakini nimekwisha kusema mbele ya Papa Mukubwa Maliki, na maprofesa wa Lubumbashi hawawezi kuwa wakali kuliko yeye.

Papa anakusalimu sana, amesimama mlangoni sasa hivi akijifanya anatengeneza kitasa. Mama anakusalimu, amekufungia mihogo mikavu ndani ya mzigo wa Mama Philomène. Kaka Yassine na mke wake wanakusalimu, na mtoto wao ameota meno. Papa Mukubwa pia ameleta salamu, fupi, lakini amezileta kwa miguu yake.

Bibi nilimuuliza niandike nini kwa niaba yake. Akasema nisiongeze chochote, nikuambie hili tu: "Nimelisema mbele ya wote."

Mungu akulinde njiani na kazini, akupe usingizi mzuri, na mkono wako uwe mwepesi kunijibu.

Wako akupendaye, binti wa kaka yako, na mutoto wako ukinikubali,

Yasmine Twahiri