Mwezi Mmoja Tu

S.L.P. 418,
9 Novemba.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi. Hamjambo wewe na wifi? Mgongo bado unakusumbua? Mimi mzima wa mwili, moyo tuuache kwanza.

Barua yako nimeipata. Unasema nimemuuza mwanao. Basi leo nami siumi maneno.

Kwetu maabara chupa ya mkojo huja na namba tu, jina hatulijui. Ile iliishia na 63. Niliipitisha kwenye mashine kama nyingine, nikaona mabaki ya dawa ya kutunisha misuli, tukarudia kipimo, nikatia sahihi, nikaenda kula. Siku tisa baadaye nikasikia redioni kwamba ni Kishada wako. Jina hilo la utani nilimpa mimi, kwa jinsi alivyopaa kwenye mbio.

Unataka niseme chupa zilibadilishwa. Kaka, chupa ya pili ya mkojo uleule ilifunguliwa mbele yake na mbele ya kocha wake. Mimi nilitolewa chumbani kwa ajili ya undugu. Mabaki yakawa yaleyale. Kocha aliyempa vidonge sasa hapokei simu, na yeye hujamwandikia hata mstari mmoja. Mwenye anwani ni mimi.

Amefungiwa miaka minne, naye ana ishirini na saba. Najua maana yake. Nimelia hadi macho yamevimba.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi wa pili Kishada alikuja kwangu, tukawa tunaosha vyombo. Akaniuliza dawa zile hukaa mwilini muda gani. Miaka kumi na saba mmeniita Mama Mikojo na kucheka, hakuna aliyewahi kuniuliza kazi yenyewe ikoje. Nilifurahi kupita kiasi! Nikamweleza yote: mwili huivunja dawa, mabaki hutoka na mkojo, na baada ya mwezi mmoja tu hatuoni kitu.

Wakati ule ilikuwa kweli. Mwezi wa tano tukaanza kipimo kipya, kinachotafuta mabaki yanayokaa miezi. Sikumwambia. Sikujua kwamba alikuwa akihesabu siku.

Msalimie wifi, na shangazi yetu hapo nyumbani. Mungu awafunike kwa rehema zake. Mwambie Kishada mlango wangu uko wazi. Akija aniulize lolote, ila kazi yangu asiniulize tena.

Mdogo wako anayekupenda hata ukimnunia,
Mama Mikojo