Amplifaya Iliyomtoa Baba Chumbani

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi. Natumaini hujambo, na shemeji kile kikohozi kimemwachia. Sisi tu wazima, na mdomo wangu ni uleule, kwa hiyo vuta kiti.

Uliniandikia kwamba mwisho wa mwezi utakuja kumchukua Baba, kwa kuwa tangu Mama afariki amejifungia chumbani hapa kwangu, ananyauka tu. Nilikubali. Sasa nipe sikio, nikupe habari ya amplifaya.

Ile yetu ya zamani ilikata roho. Mume wangu, unamjua kwa muziki, akasema nyumba imegeuka stoo. Tukaenda kwa fundi, akatuonyesha mbili. Moja nzito, chuma kitupu. Alieleza kwamba umeme wake mwingi unaishia kuwa joto, kwa hiyo isifungiwe kabatini wala kufunikwa kitambaa. Ya pili nyepesi, haili umeme wala haichemki. Mimi nikang'ang'ania hiyo ya pili. Niliwaza miezi ya joto, na sebule yetu ambayo watu wanne wakikaa wanagusana magoti. Mume wangu akataka ile nzito, eti sauti yake imeshiba. Fundi alipochoka kutusikiliza akasema tuchukue zote mbili tukazijaribu, kisha tumrudishie moja.

Tukaanza na ile nzito. Huku ni baridi sasa, na unavijua vidole vya Baba, miaka yote ile ya kushona viatu imevikakamaza. Alitoka chumbani kuja kulalamikia kelele. Akapitisha mkono juu ya mashine, akauacha hapo kwenye joto, akavuta kigoda. Kesho yake akarudi. Baadaye akamwambia mume wangu kwamba wimbo uliokuwa ukipigwa Mama alikuwa akiukosea maneno kila siku, akacheka. Dada, Baba alicheka!

Tulipofunga ile nyepesi, alikuja, akaigusa, akauliza kama imeharibika, kisha akarudi zake chumbani. Niliumia sana. Nikairudisha mwenyewe kwa fundi, mume wangu akinitania njia nzima. Joto likizidi tutafungua dirisha.

Lakini kuna jambo sikukwambia. Nilipokubali umchukue Baba, si kwamba nilitaka aondoke. Niliona nimeshindwa kumtunza, na nikaona aibu kukwambia. Nililia, Dada. Juzi jioni umeme ukakatika. Mashine ikapoa kabisa, nikajua leo hatoki. Akatoka. Akakaa palepale, akaniuliza mbona niko peke yangu, akaanza kunisimulia jinsi alivyomshonea Mama viatu walipokuwa wachumba, akababaika hata vyote viwili vikawa vya mguu wa kushoto. Tulicheka mpaka umeme ukarudi, na hakuna aliyekumbuka kuwasha muziki.

Kwa hiyo njoo kama ulivyopanga, ila uje kututembelea. Baba simtoi.

Wasalimie wote hapo, mkubwa kwa mdogo. Baba anasema hajambo, na kwamba unenepe kidogo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima.