Visoda vya Bluu

Bariadi,
14 Septemba

Mwalimu Philomena, dada yangu,

Mwangaluka. Hujambo huko Malampaka? Kifua chako kimetulia, au vumbi la huko nalo linakufuata? Sisi huku ukituuliza tutajibu mhola, kwa sababu ndivyo salamu inavyojibiwa, lakini tupo tupo tu. Josia uliyemwacha ananyonya sasa anakimbia na kuuma wenzake. Baba Kwandu bado yuko Lamadi na dagaa zake, anakuja mwisho wa mwezi akikumbuka. Pamba mwaka huu wadudu walivuna kabla yetu.

Nisamehe kwa ukimya. Umepiga simu mara nyingi, na kila mara nimekueleza habari za mvua nikakata. Haya ya leo sitayaweza kwa mdomo, ukiniuliza kitu katikati nitanyamaza. Ndiyo maana nimechana karatasi za katikati ya daftari nikaandika.

Kwandu yuko darasa la nne, na mwezi ujao wana upimaji wa taifa. Wako watoto mia na thelathini na mmoja katika chumba kimoja. Mwalimu wao anaitwa Danford, kijana mpole, ila hana pumzi. Anaandika ubaoni, wananakili, anauliza kama wameelewa, wanaitikia kwa pamoja hadi mimi ninayepita na kuni nawasikia, kisha kengele inalia. Simlaumu. Angeanzia kwa nani?

Juma lililopita aliniita shuleni. Alinionyesha daftari la Kwandu, mwandiko mzuri kama wa karani, mstari haupindi. Kisha akampa kitabu cha darasa la kwanza mbele yangu. Kwandu akatazama picha ya mwanamume mwenye jembe, akasema baba analima. Chini ya picha hapakuwa na baba wala kulima, palikuwa na habari za mbuzi kala mbegu. Danford akaniambia taratibu, "Mama Kwandu, mtoto wako anachora. Hasomi." Akasema kwa wingi ule hawezi kurudi naye mwanzo. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia kisima kimekauka.

Njiani kurudi nilikuwa nakuwaza wewe tu. Nilikumbuka akina Kwandu walivyokuwa darasa la pili, ulivyompa kila mtoto visoda viwili vya chupa, cha bluu na chekundu. Mwisho wa somo ulikuwa unaandika swali moja ubaoni, kila mtu anajaribu, halafu anaweka kisoda kimoja mbele yake. Bluu, nimeelewa. Nyekundu, bado. Wa nyekundu walibaki nawe nusu saa ukawarudishia lile lile kwa njia nyingine. Sisi wazazi ulituambia chekundu siyo kosa, ni mtoto amemshika mwalimu mkono kumwambia subiri.

Na nilikumbuka kikao cha wazazi na kamati ya shule, Januari mwaka jana. Majibu ya mtihani wa darasa la pili yalikuwa yametoka, na nusu ya darasa haikujua kusoma. Daftari lako la kuandikia visoda lilionyesha bluu, bluu, bluu, miezi saba. Wakakuuliza kama ulikuwa unajaza ukiwa nyumbani. Mzee Mabula, mwenyekiti wa kamati, akasema tumempa mwalimu watoto, yeye kafungua genge la soda, na watu wakacheka. Wewe ulisimama ukasema, "Niliwauliza kila siku. Waliniambia wameelewa, nami niliwaamini." Ukakaa. Mwezi haukuisha ukapewa barua ya uhamisho.

Philomena, watoto walikudanganya kweli. Wangu nilimfundisha mimi.

Wiki za kwanza Kwandu aliweka chekundu karibu kila siku, akawa anachelewa. Mimi niko kwenye palizi, Josia mgongoni anawaka homa, na hakuna mwingine wa kumpokea. Nusu saa yako kwangu ilikuwa mistari miwili ya pamba. Asubuhi moja nikimfunga vifungo vya sare nikamwambia aanze kuweka bluu. Akaniuliza, "Hata kama sijaelewa, mayu?" Nikamjibu, "Utaelewa mbele ya safari. Mimi nakuhitaji hapa."

Laiti ningeishia hapo. Niliwaambia na wenzangu kisimani, tena kwa kujisifu, kwamba mtoto akiweka bluu anarudi mapema. Walicheka, wakaniita mjanja. Haikupita wiki mbili watoto wa njia yetu yote wakawa wanarudi pamoja, na wewe ukanipitia jioni umefurahi, ukisema darasa limeanza kufunguka. Nikakukaribisha viazi.

Siku ya kikao nilikuwa benchi la pili. Uliniangalia. Nikainamisha kichwa nikampa Josia ziwa, naye alikuwa amelala.

Baada ya kutoka kwa Danford nilikwenda kwa mzee Mabula nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema uhamisho hauna rivasi, na kwamba nikiyasema haya hadharani nitagombanisha akina mama bure. Akaniuliza kama nimekula.

Sasa namfundisha mwenyewe jioni, kwa elimu yangu hii ya darasa la saba. Nikimwonyesha silabi haitazami, ananitazama mimi usoni ajue ninataka jibu gani. Juzi niliokota visoda dukani, nikavipanga mkekani, nikamwambia weka chekundu mwanangu, sitakasirika, hakuna kazi leo, Josia nitambeba mimi. Akaweka bluu. Nikamwomba. Nilimwomba kabisa, dada, kama mtu anayeomba maji. Akaweka bluu, akainuka akaenda kumchukua mdogo wake.

Kuna jingine hukuwa unalijua: nina mimba ya miezi sita. Desemba nikijifungua, Kwandu ndiye atakayembeba mtoto nikienda shambani. Nimetafuta namna nyingine, sijaiona, na sitakuahidi kitu ambacho sitakifanya.

Usiniandikie kwamba si neno. Ni neno. Wala usiseme nilikuwa nimechoka, kwa sababu na wewe ulikuwa umechoka na bado ulibaki na wale wa nyekundu. Ninachoweza ni hiki tu: huko uliko, mtu akikutajia ule uhamisho, mpe karatasi hizi azisome. Najua hazitakurudisha, na darasa lile limeshatawanyika. Ila jina langu nimeliandika lote.

Nisalimie nyumba yote, na yeyote aliyekupokea vizuri huko. Josia na Kwandu wanakuamkia. Sijamwambia Kwandu ninakuandikia nini.

Ni mimi,
Milembe Luhende,
mzazi wa Kwandu Mihayo