Sijamtemea Mutiso Baraka

Baba Kilonzo,

Wewe umelala hapo nyuma ya zizi umetulia, na mimi ndiye nimeachiwa kelele zote. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho walinifundisha kuandika kwa ile shule ya watu wazima, ile ulikuwa ukinicheka nikienda. Cheka tu.

Mutiso, huyu mjukuu mwenye jina lako, huyu ninamwita mume wangu tangu azaliwe kama desturi yetu ilivyo, alimaliza udaktari. Ulikufa akiwa bado mwanafunzi. Siku ya kuhitimu nilipiga vigelegele mpaka sauti ikaisha. Nikasema sasa daktari wetu yuko, goti likiuma nitamwita. Wapi! Alienda kukaa Kambu kwa kliniki ya mtu, anashona madereva wa malori, akingoja kazi ya kudumu ambayo haitoki. Halafu akaniambia anaenda Amerika, kwa hospitali kubwa, afanye kazi akisomea udaktari wa moyo. Miaka sita. Nilimuuliza, na ile miaka yote ya kwanza alikuwa akisomea nini, mbuzi?

Wazungu walimhoji kwa kompyuta. Alikuja kufanyia hapa kijijini kwetu Tulia kwa sababu Kambu malori hayanyamazi. Juu amevaa koti na tai, chini kaptula. Nikapita nyuma yake na kuku mkononi, na mama mmoja mzungu akaniona, akauliza mimi ni nani. Mutiso akaniita nisalimie.

Unanijua. Sikusalimia. Niliwaambia kwa Kikamba, "Mnataka kumchukua mume wangu na hamjatuma hata mzee mmoja aje tuongee. Kwenu watu huchukuliwa hivyo?"

Nilidhani atawatengenezea maneno matamu. Hapana, aliwatafsiria yote, hata hiyo ya mume, halafu ikabidi awaeleze vile nyanya anaweza kuwa na mume kijana hivyo. Walicheka mpaka yule mama akatoa miwani. Mimi nikajua nimewafukuza, nikalala vizuri sana. Baba Kilonzo, hospitali nyingine zote alizoomba zilimkataa. Hao ndio walimchukua. Na akaja kunishukuru! Mimi!

Sasa kijana wako Kilonzo hashikiki. Anazunguka soko akijiita baba wa daktari wa Amerika, na mtu akiuliza ni Amerika gani hajui. Kanisani wamemwombea Mutiso safari. Kila mtu amemwachilia, nimebaki mimi.

Leo asubuhi alikuja, akafungua vifungo vya shati, akapiga magoti nimtemee mate ya baraka kifuani, vile wewe ungemfanyia kama ungekuwa hai. Daktari mzima, ambaye hunigombeza nikinywa maji bila kuchemsha, anataka mate yangu. Nikamwambia mate yamekauka, nikaenda kukama mbuzi. Narudi, bado amepiga magoti. Akasema, "Susu, nyanya yangu, bila hiyo sipandi ndege."

Nikamuuliza kwa nini moyo. Kwa nini si magoti, ambayo ninayo hapa tayari?

Aliangalia huko nyuma ya zizi, kwako. Halafu akasema, "Mimi ndiye nilikuwa nimemshika babu kwa gari tukimkimbiza Nairobi. Ule ugonjwa nilikuwa nimeusoma, nilijua mpaka jina lake. Na sikujua la kufanya."

Hiyo hakuwahi kuniambia. Kumbe ni wewe. Nimegombana na wazungu wa watu bure, na anayemtoa hapa ni wewe, umelala kimya kama hujafanya kitu. Nimekukasirikia, Baba Kilonzo. Ulikufa mikononi mwa mtoto, ukamwachia kazi yote hiyo peke yake, na mimi nikabaki nikimpigia kelele ya kuku.

Kesho nitamtemea. Nitasukutua kwanza, nimtemee kwa jina lako na langu, nimwambie aende. Usidhani nimefurahi. Nitamtemea nikiwa na hasira, na baraka itashika hivyo hivyo.

Lakini na wewe nisikilize. Usianze kuniita. Nakujua, hukupenda kula peke yako. Sasa utakula peke yako. Siji huko mpaka Mutiso arudi na kile chombo chao, aniwekee hapa kifuani asikilize, aniambie kwa mdomo wake kama moyo wangu ni mzima. Hiyo nakuahidi, na unajua nikikataa kitu huwa nimekataa.

Lala salama, mzee wangu.

Ni mimi,
Mama Kilonzo