Vyura wa Chania na Posa ya Wanjiru

Mpendwa Wanjiru,

Salamu tele kutoka Thika, hapa kwenye maporomoko ya Chania. Mimi ni mzima, nanenepa tu. Nimeandikwa kazi na Mzungu mmoja mtaalamu wa vyura, na bila mimi hashiki hata mmoja. Jana niliruka mtoni nikanasa chura mkubwa kama sufuria, amebeba kengine kadogo mgongoni. Nikasema, "Oneni mama na mtoto wake!" Mwenzangu Otieno akacheka mpaka akakaa matopeni. "Mtoto gani, mzee? Huyo ni bwana yake!"

Mzungu akakubali. Jike hubeba mayai mengi, na tangu zamani wenye matumbo makubwa ndio walioacha watoto wengi, basi majike wakazidi kukua. Dume ni kuimba tu na kushikilia.

Sasa wewe unamkataaje Kamau eti anakufika begani? Jumamosi watu wake wakileta pombe ya posa, onja, mama, wajue umemkubali. Usipoonja wewe kwanza, hakuna mzee anayekunywa, na mimi nakuja na kiu ya Thika nzima.

Mungu akulinde na huo urefu wako wote.

Mjomba wako,
Njoroge