Goti la Kushoto na Shikamoo ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Hemali, yule fizio wa mazoezi ya viungo, amenipima tena kwa kile kirula chake cha duara. Goti la kushoto linakunjika digrii sabini, basi. Machi lilikuwa themanini! Gegedu imelika, anasema, mifupa inasagana. Kuinuka kitini tu kunataka tisini na zaidi. Ndiyo maana choo kimekuwa vita. Ndiyo maana ngazi nashuka kinyumenyume, mkono ukutani. Wiki nzima nimekaa ghorofani kama kuku kwenye tenga. Treni za mjini naziona dirishani, zinapita hapa Longbridge, huku Uzunguni, bila mimi. Na soksi navalishwa.

Nikamuuliza: kupiga magoti, je? Akacheka. Alidhani natania.

Mama mkwe, mama yake mume wangu Ronald, anaingia Jumamosi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ronald anataka kumwambia mama yake kuhusu goti. Nimemkatalia kabisa. Miaka kumi na tisa iliyopita, Bukoba, mama mkwe alimwambia mbele yangu: umeoa aliyekuzidi miaka minne, utakuja kumuuguza. Nife kwanza! Raha hiyo simpi.

Lakini kwetu mke humwamkia mama mkwe magoti yakiwa chini, yote mawili. Nimejaribu chumbani, nimeshika kitanda. Kuinuka — dakika kumi. Nimelia. Kwa hasira, siyo maumivu. Haya, na maumivu pia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kafika. Ma Annonciata, miaka themanini, mgongo wima. Nilijiegemeza mlangoni nikainama kidogo: shikamoo, mama. Akanitazama magoti. Hakuitikia! Akapita zake.

Baadaye nimemsikia jikoni, kwa Kihaya: mkeo amekuwa Mzungu. Ronald alitaka kufungua mdomo, nikamtolea macho.

Chakula kagusa tu. Ndizi nimezipika nimesimama saa nzima, jamani!

Jumapili, 12 Oktoba

Ronald kaenda uwanja wa ndege kufuata begi la mama lililochelewa. Tukabaki wawili sebuleni. Yeye kwenye lile kochi la chini, la kuzama. Kanitazama magoti tena.

Nikachoka. Potelea mbali! Nikashika meza, nikashuka. La kulia likakunjika. La kushoto nikalinyoosha pembeni, nikalifunika na kanga. Shikamoo, mama.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Miaka kumi na tisa sijawahi kuitwa hivyo.

Kisha nikataka kuinuka. Wapi! Meza inateleza, mguu umegoma. Nikasingizia kwamba chini ndiko napenda kukaa. Daftari hili lilikuwa chini ya meza, nikalivuta. Kaniuliza naandika nini. Nimesema orodha ya sokoni. Nusu saa sasa niko hapa, na ganzi imefika kiunoni.

Sasa anasema nimpe mkono, haja imembana. Mkono wake uko mbele ya pua yangu. Mungu wangu.

Nimemwambia. Mama, siwezi. Nimekwama.

Goti? kauliza.

La kushoto, mama. Mwaka wa tatu.

Naandika ili nisimtazame. Sasa atalisema lile neno la Bukoba, na haki anayo.

Hajalisema. Kapandisha gauni — magoti yote mawili yamefungwa bandeji, yamevimba! Toka asubuhi kochi hili limemkamata, hakutaka kusema. Na nisithubutu kumwambia Ronald, ananiapisha. Akijua atamzuia hapa kwenye baridi, shamba lake hataliona tena.

Mimi nacheka na kulia kwa pamoja. Yeye anacheka kwa kubana, anasema nisimchekeshe, haja itamtoka.

Gari la Ronald! Mlango wake umebamizwa. Mama ananong'ona: haraka, asitukute hivi, inuka wewe kwanza, kisha univute.

Niinuke? Kwa goti lipi?